Mechi ya kwanza nyumbani ligi ya mkoa: kwa nini chokaa haifiki mapumziko?

#1 Kibendera
Wakuu, salamu. Jumamosi ya wiki ijayo timu yetu ya ligi ya mkoa inafungua msimu nyumbani, saa 10:00 jioni. Kiwanja kina mita 100 kwa 64, nusu ukoka, nusu vumbi. Kila msimu jambo ni lilelile: mechi ya kwanza chokaa inapigwa asubuhi, mistari inang'aa hadi raha, ikifika dakika ya 30 mstari wa pembeni anakokimbia mshika kibendera hauonekani na kumi na nane (eneo la penalti) imebaki kivuli. Mechi za katikati ya msimu tatizo linapungua, ingawa mpigaji ni yuleyule.

Hoja yangu: chokaa inayouzwa kipindi hiki imechanganywa. Mwenye maelezo mengine alete. Na kiwanja cha kipimo hicho mnatumia mifuko mingapi?

#2 Mtambaa Panya
Naweka kambi hapa. Mnahangaika na chokaa, miamba ya goli mmeipima? Uzi huu utaishia golini, mtaniambia.

#3 Fundi Chokaa
Kibendera, tuanze na hesabu. Mita 100 kwa 64: mistari ya pembeni 200, ya magoli 128, wa kati 64. Kumi na nane mbili ni 146.6, maeneo ya golikipa mawili 58.6, duara la kati 57.5, vile vipinde viwili juu ya kumi na nane 33.9, kona nne 6.3. Jumla mita 695 hivi.

Kwa upana wa sentimita 10 unapata mita za mraba 69.5. Tabaka la milimita 1 linakula lita 70 za unga. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, ikiwa haijashindiliwa, ina uzito wa takriban nusu kilo kwa lita, kwa hiyo ni kilo 35. Mifuko 2 ya kilo 25 inatosha na inabaki ya kurudishia mapumziko. Mkimaliza mifuko 5 mjue mnamwaga nene, na mstari mnene ndio unaokufa mapema: chokaa ya chini inashika nyasi, ya juu inakaa tu kama unga kwenye ungo, njumu moja ikipita inaondoka yote.

Suala la kuchanganywa usilitamke bila kupima. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya siki, koroga, subiri. Chokaa nzuri iliyozimwa inayeyuka bila povu la maana. Ikitoa povu jingi kuna unga wa mawe ya chokaa ambayo hayakuchomwa, au ni chokaa iliyokaa ghalani muda mrefu ikapigwa na hewa. Kinachobaki chini na kukwaruza kidoleni ni mchanga.

#4 Kona ya Mita Moja
Fundi yuko sahihi kwenye kiasi, lakini kijiko cha siki hakijibu swali la mtoa mada. Ameuliza kwa nini mechi ya KWANZA. Msimu unafunguliwa Agosti au Septemba, ardhi haijaona mvua miezi. Vumbi kavu halishiki unga mkavu. Zikija vuli udongo unashikamana, na chokaa ileile inakaa. Jibu ni maji.

Dawa: siku ya Ijumaa jioni mwagia njia ya mstari upana wa sentimita 30, ndoo ya lita 10 kwa kila mita 20. Kiwanja kizima kinakula ndoo 35, yaani lita 350, mapipa mawili hayaishi. Alfajiri pitisha tena kwa keni ya kumwagilia, kiasi cha kulaza vumbi tu. Usipige chokaa maji yakiwa bado yanang'aa juu. Inaganda mabonge, ikikauka inapasuka vipande kama ganda la yai.

#5 Sanifu wa Ukoka
Naheshimu maji ila mmeruka nyasi. Baada ya mapumziko ya msimu ukoka umefika sentimita 10 na zaidi. Wiki ya mechi mtu anashika fyekeo anakata yote kwa siku moja. Kinachobaki ni vishina vya kahawia visivyo na jani, na chokaa inahitaji jani la kushika. Ikipita katikati ya vishina inaishia kwenye vumbi.

Anza wiki tatu kabla. Kila mkato usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu, siku nne au tano kati ya mkato na mkato, hadi ufike milimita 25 au 30. Kusanya majani yote kwa reki. Majani makavu yakiachwa juu ya njia, mstari unachorwa juu ya majani, na upepo wa saa 8 unaondoka nayo pamoja na chokaa.

#6 Goli la Ugenini
Nafuatilia. Hapo kwenye theluthi nimepata kitu, ahsante Sanifu.

#7 Mzee wa Kigingi
Vijana, mmechimba mbali, jibu liko juu ya ardhi. Hesabuni miguu. Mechi ya kwanza nyumbani si sawa na mechi ya nane. Kuna mgeni rasmi anayesalimia timu zote mbili, kikundi cha ngoma, watoto, wapiga picha, wajumbe wa kamati. Wote wanapita mstari wa kati na duara. Kisha timu mbili zinapasha, kila moja na watu 18 au 20, na magolikipa wanapasha palepale kwenye eneo dogo la goli kwa dakika 25. Mpira haujaanza na mistari imeshakanyagwa kuliko mechi tatu za kawaida.

Kwa hiyo: wachezaji wa ndani wapashe kati ya mstari wa kati na kumi na nane, wasikaribie pembeni. Magolikipa wapeni goli la kuhamishika nje ya kiwanja, au wapashe upande mmoja tu wa goli. Wageni wapite njia moja, kamba mbili na vigingi sita. Kopo la chokaa libaki tayari kwa dakika 10 za mwisho.

#8 Kona ya Mita Moja
Shikamoo Mzee. Hiyo inaeleza duara na eneo la golikipa. Mstari wa pembeni je? Mgeni rasmi hatembei mita 50 juu ya mstari wa pembeni.

#9 Mzee wa Kigingi
Marahaba. Mshika kibendera anautembea kwa dakika 90. Na wa akiba wanapasha huko pembeni.

#10 Kona ya Mita Moja
Mshika kibendera yupo mechi zote, Mzee, hata ya nane.

#11 Mwana wa Matumbawe
Salamu kutoka Kilifi. Huku pwani wengi hutumia chokaa ya tanuri, ile ya mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Tatizo lake si kuchanganywa, ni kuzimwa nusu. Muuzaji akipata wateja wengi kwa pamoja, na msimu ukianza kila klabu inataka kwa wiki moja, chokaa inatoka kabla haijamaliza kuzima. Ndani yake kuna punje ngumu ambazo hazijageuka. Ukizichora mstari zinakuwa kama changarawe, zinabingirika chini ya kiatu. Katikati ya msimu mzigo umekaa, umezima wote. Hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti anayoiona Kibendera.

Na hatari: chokaa isiyozimwa ikikutana na maji au jasho inachemka. Mchezaji akiteleza juu ya mstari na goti lenye jeraha, au vumbi likimwingia golikipa jichoni, mechi yake imekwisha na huenda jicho pia. Jaribio: kipande chini ya maji ndani ya ndoo ya bati. Ndoo ikipata moto, mzigo huo haugusi kiwanja.

#12 Fundi Chokaa
Nakubaliana na Kilifi na nakazia. Hata iliyozimwa vizuri bado ni kali, inakwangua ngozi yenye maji na macho. Mpigaji avae glovu za mpira, miwani na suruali ndefu, asipige upepo ukimjia usoni. Ikiingia jichoni ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 na kwenda hospitali, si kufikicha. Kiwanja cha watoto tumieni chaki ya kusaga, hiyo haina ukali.

#13 Rangi ya Maji
Mnabishana chokaa gani wakati dawa iko dukani: rangi ya maji ya ukutani, nyeupe ya bei ya chini. Mita za mraba 69.5 ni kama kuta za vyumba viwili. Ndoo ya lita 20, sehemu 1 ya rangi kwa 1 ya maji mkono wa kwanza, chuja kwa kitambaa cha nailoni, piga kwa rola ya inchi 4 yenye mpini mrefu kati ya kamba mbili. Ijumaa saa 11 jioni mkono wa kwanza, Jumamosi asubuhi umande ukishakauka mkono wa pili mwepesi. Inashika jani, haipeperuki. Mechi ya pili unapitia juu yake, hupimi upya.

Inakofeli: kwenye vumbi tupu. Rangi inatengeneza ngozi nyembamba, kiatu kinaibandua kama karatasi. Sehemu za vumbi lazima ushindilie na ulowanishe kwanza. Na usitumie rangi ya mafuta, inaua nyasi na haitoki kwenye jezi.

#14 Njumu Sita
Mbona kuna njia rahisi, oili chafu ya magari. Chora mara moja, nyasi zinakufa, mstari unakaa msimu mzima, juu yake unanyunyiza chokaa kidogo.

#15 Sanifu wa Ukoka
Njumu Sita, hapana kabisa. Oili chafu ina sumu na metali nzito, inaingia kwenye udongo na kwenye majeraha ya wachezaji. Nyasi zikifa kwenye mstari, udongo unachimbika. Baada ya miezi mitatu huna mstari, una mfereji wa sentimita 3, mpira ukifika pale unakatika njia na mguu unapinda. Sheria namba 1 ya soka inataka mistari isiyo hatari. Dawa ya magugu nayo ina tatizo hilohilo. Kama inakuuma kupima upya kila wiki, zika alama: msumari mrefu wenye kipande cha kamba ya bluu kwenye kila pembe, kichwa chini ya uso wa ardhi kwa sentimita 5, kamba tu ndiyo itokeze. Pembe nne za kiwanja, nne za kila kumi na nane, nne za kila eneo la golikipa, nukta za penalti na ya kati.

#16 Njumu Sita
Nimeelewa mkuu, nimeifuta kichwani. Hiyo ya kamba ya bluu ni nzuri.

#17 Mtambaa Panya
Tumefika karibu na goli, nilisema. Mstari wa goli upana wake lazima ulingane na miamba, na miamba haizidi sentimita 12. Bomba la inchi 4 kwa nje lina sentimita 11.4, halali. La inchi 3 lina 8.9. Mwenye bomba la inchi 3 akichora sentimita 12 ana kosa pale mwamuzi anapoamua mpira umevuka wote au la. Na mistari yote iwe na upana mmoja, kwa hiyo wa goli ndio unaoamua wa kiwanja kizima.

Urefu: mita 2.44 ni kutoka ardhini hadi ukingo wa CHINI wa mtambaa wa panya, ule mwamba wa juu. Mita 7.32 ni ndani kwa ndani. Hapo ndipo mechi ya kwanza inaponasa watu. Golikipa amechimba shimo msimu mzima, watoto wamechimba likizo nzima, ukipima katikati unakuta 2.52. Sentimita 8 ni zawadi kwa mpira wa juu. Kujaza: chimbua kidogo sakafu ya shimo ili udongo mpya ushikane na wa zamani, weka tabaka za sentimita 3, mwagia, shindilia kwa kipande cha gogo. Malizia siku nne kabla. Ukijaza Jumamosi asubuhi, saa 10 golikipa anazama kisiginoni na anarudia kuchimba.

Bomba refu namna ile hupinda katikati pia, hasa pale vijana wanaponing'inia. Kwa hiyo pima sehemu tatu: karibu na kila mwamba na katikati.

#18 Goli la Ugenini
Mtambaa ukikatika mechi ikiendelea, si wanafunga kamba na kumalizia?

#19 Mtambaa Panya
Hapana. Mchezo unasimama hadi utengenezwe au ubadilishwe, kisha unaanza kwa mpira wa kudondoshwa. Isipowezekana mechi inavunjwa. Kamba imekatazwa wazi kwenye sheria. Kwa hiyo tafuteni fundi wa kuchomelea mwenye jenereta, na namba yake iwe mfukoni siku hiyo.

#20 Mama Nyavu
Habari zenu wanangu. Nyavu hazijatajwa hadi bandiko la 20, na ndizo zinazoleta kelele za goli halali au si halali.

Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Tundu lolote linalopitisha ngumi mbili litapitisha mpira ukija kwa kasi, kwa sababu nyuzi zinatanuka. Tandaza wavu chini Jumatano, tembea juu yake peku, mguu utaona kuliko jicho. Shona kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu za samaki, fundo la mvuvi, usifunge kwa waya. Waya hukata nyuzi za jirani na humkwaruza golikipa.

Kwenye miamba tumia vibanio vya plastiki au kamba nyembamba kila sentimita 20. Ndoano za chuma ziondoeni, kidole chenye pete kikinasa pale hakitoki salama. Chini, vigingi vya chuma kila mita 1 viingie ardhini hadi vichwa, au bomba zito lililolazwa nyuma likafungwa na wavu. Wavu ulegee kidogo. Ukikaza kama ngoma mpira unarudi uwanjani kabla mwamuzi hajaona, ukilegeza mno unamshika golikipa miguu.

#21 Njumu Sita
Shikamoo mama. Bila nyavu mechi haichezwi kisheria, sivyo?

#22 Mama Nyavu
Marahaba mwanangu. Sheria inasema nyavu ZINAWEZA kufungwa, na zikifungwa zisimzuie golikipa. Anayelazimisha ni kanuni za mashindano yenu. Kamisaa wa mechi atasoma kanuni, hatasoma mazoea.

#23 Tatu Nne Tano
Nimesoma wote. Hakuna aliyegusa pembe. Mistari mingi inarudiwa kuchorwa asubuhi kwa sababu ya kwanza ilipinda, na mstari uliorudiwa una chokaa iliyokwanguliwa chini, ndiyo maana inafutika. Hiyo ni sababu ya sita, iwekeni kwenye orodha.

Kona ya nyuzi 90 kwa kamba ya 3, 4, 5 ni nzuri, ila msitumie mita 3 na 4. Kosa la sentimita 1 kwenye mita 3 linakuwa sentimita 21 ukifika mita 64. Tumieni 12, 16, 20. Tepu iwe ya mita 50, si kamba ya nailoni yenye mafundo, maana nailoni inavutika na katani inajikunja ikilowa. Kisha hakiki kwa pembe mkabala, yaani urefu wa kukatiza kiwanja kutoka kona hadi kona: kiwanja cha 100 kwa 64 kinatoa mita 118.73, cha 105 kwa 68 kinatoa 125.10. Pembe mkabala zote mbili zikilingana, kiwanja ni mstatili.

#24 Mzee wa Kigingi
Hapo mwisho umekosea, kijana. Pembe mkabala kulingana hakutoshi. Mstari mmoja wa goli ukiwa mita 64 na mwingine 66, na vyote vimekaa katikati, pembe mkabala zinalingana na kiwanja bado ni kama ndoo. Lazima pande zinazotazamana zilingane pia.

#25 Tatu Nne Tano
Umenikamata Mzee, ni kweli. Pima pande nne kwanza, kisha pembe mkabala.

#26 Mtambaa Panya
Na anzeni wapi? Wengi wanaanza na mstari wa pembeni kwa sababu ni mrefu. Lakini magoli yamezikwa kwenye zege, hayasogei. Mstari wa goli unapita kwenye miamba, upende usipende. Magoli mawili yasipotazamana sawasawa, mstari wako wa pembeni ulionyooka utakataa kuonana na wa goli kwa nyuzi 90.

#27 Tatu Nne Tano
Hapo hatukubaliani. Unapata mhimili kutoka katikati ya goli hili hadi katikati ya goli lile, unagawa kosa pande mbili. Ukiufuata mwamba mmoja unahamishia kosa lote kona moja.

#28 Mtambaa Panya
Ukigawa kosa, mstari hauko katikati ya mwamba hata upande mmoja. Mwamuzi anatazama mwamba, hatazami mhimili wako.

#29 Mshale wa Kigoma
Nyie wa chokaa na nyie wa pembe, naomba nihamishe kidogo. Saa 10:00 ya mtoa mada ni saa 10 ya wapi? Nchi yote tunatumia saa moja, lakini kati ya Dar na Kigoma jua linapishana karibu dakika 39. Saa 10:00 Kigoma jua liko pale lilipokuwa Dar saa 9:21. Huku ukianza saa 10 wachezaji wanachemka na umande wa chokaa yenu umeshakuwa vumbi. Dar ukianza saa 10:30 unamaliza na giza, maana 45 na 15 na 45, weka dakika 7 za nyongeza, ni saa 12:22, na Septemba jua linazama robo saa hivi baada ya 12. Bila taa hamna ujanja.

Na kama kiwanja kimelala mashariki kwa magharibi, golikipa mmoja anatazama jua kipindi kizima. Mwezi Septemba linazama magharibi barabara, kati ya miamba.

#30 Goli la Ugenini
Ndiyo maana kapteni akishinda sarafu anachagua upande na mwenzake anaanza mpira.

#31 Kona ya Mita Moja
Ilikuwa hivyo zamani. Tangu 2019 mshindi wa sarafu anachagua moja: goli la kushambulia, au kuanza na mpira. Nyumbani chagua goli. Kipindi cha pili ndicho jua liko chini zaidi, kwa hiyo golikipa wako atazame jua kipindi cha kwanza.

#32 Mshale wa Kigoma
Inategemea wingu la jioni. Lakini nakubali kimsingi.

#33 Sanifu wa Ukoka
Kwa joto la Kigoma kumbukeni mapumziko ya kupoa yako kwenye sheria, sekunde 90 hadi dakika 3, kama mashindano yanaruhusu. Ya kunywa maji tu hayazidi dakika 1. Maji yawekwe nje ya mstari na makopo yaokotwe, la sivyo njumu zinayakanyaga juu ya chokaa.

#34 Rangi ya Maji
Mpira pia una jua lake. Ukijazwa alfajiri nyuzijoto 20 kwa upepo wa atmosfia 0.8, ukaachwa kwenye jua hadi nyuzijoto 40, unasoma kama 0.92. Sheria inataka 0.6 hadi 1.1, uzito gramu 410 hadi 450, mzingo sentimita 68 hadi 70. Kwa hiyo uliyeujaza 1.0 alfajiri umeshavuka saa 10. Jazeni kivulini, pimeni kwa geji mbele ya mwamuzi, na mipira ya akiba ikae kwenye mfuko chini ya meza. Timu inayopanda Mbeya kutoka pwani ipime upya ikifika. Kule juu hewa ni nyepesi, mpira unazidi kuwa mgumu bila mtu kuugusa.

#35 Mama Nyavu
Na mbigiri! Kiangazi zimekauka pembeni mwa kiwanja. Mpira ukitoka unarudi na miiba mitatu. Vuta gunia lililolowa kuzunguka nje ya mistari, mbigiri zinang'ang'ania gunia. Rudia mara mbili.

#36 Kibendera
Wakuu, nimeandika yote. Siki nimefanya usiku huu: povu kidogo, chini kumebaki punje chache ngumu. Kwa hiyo sehemu ya hoja yangu inasimama na sehemu ya Kilifi inasimama. Jumamosi nataka kujua. Mstari mmoja wa pembeni: nusu ya kushoto nitalowanisha Ijumaa na kupiga chokaa nyembamba. Nusu ya kulia nitapiga rangi ya maji. Mapumziko nahesabu mita zinazoonekana.

#37 Kona ya Mita Moja
Usifanye hivyo, utajidanganya. Mshika kibendera anakimbia nusu MOJA tu ya kila mstari wa pembeni, kutoka mstari wa kati hadi kona. Nusu nyingine haikanyagwi naye kabisa. Ukiweka chokaa kwenye nusu yake na rangi kwenye nyingine, rangi itashinda bila kustahili.

#38 Mzee wa Kigingi
Sasa umekiri kwamba ni miguu.

#39 Kona ya Mita Moja
Nimekiri kwamba miguu ipo, Mzee. Kibendera, gawa nusu ileile ya mshika kibendera vipande vya mita 10: chokaa kavu, chokaa kwenye unyevu, rangi, kisha rudia. Zika kamba ya bluu kila mpaka. Fanya vilevile nusu asiyokimbia.

#40 Sanifu wa Ukoka
Na uandike kila kipande kina ukoka au vumbi, bila hilo namba hazitasema kitu. Urefu wa nyasi pia, kwa rula.

#41 Mwana wa Matumbawe
Chekecha hiyo chokaa kwa chekecheke la unga kabla, toa punje.

#42 Fundi Chokaa
Asichekeche yote. Vipande viwili aache na punje, vinginevyo hatutajua kama punje ndizo zenye kosa.

#43 Kibendera
Vipande vinakuwa vingi kuliko mita 50 za nusu ile. Nitatumia mita 5 kila kimoja. Nyasi nimeanza kukata leo, zina sentimita 7.